Kuchagua Chombo cha Kusafishia Maji ya Kunywa: Kwa Wakazi wa Kigoma, Ujiji na Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Mchuuzi wa mashine ya kusafishia maji abishapo hodi, mara nyingi huja na kifaa kidogo mfano wa kalamu. Huomba glasi ya maji ya mle nyumbani, hukitumbukiza, na kioo chake huonyesha namba. Kwa maji yatokayo ziwani, namba hiyo kwa kawaida huangukia kati ya 300 na 500. Kisha hupima maji yaliyopita katika mashine yake, na namba hushuka hadi 20 au chini ya hapo. Mwenye nyumba hushtuka, na mazungumzo ya bei huanza papo hapo. Tumeandika makala haya ili mlaji ajue mapema kile ambacho namba ile inakisema, na kile isichoweza kukisema.

Kalamu hiyo, ambayo wauzaji huiita kipima TDS, hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, na kwa njia hiyo hukisia wingi wa chumvi na madini yaliyoyeyuka ndani yake. Ziwa Tanganyika ni ziwa la kale, lenye kina cha mita zipatazo 1,470, na kwa muda mrefu limekusanya madini kutoka katika miamba na mito, hasa magnesiamu, sodiamu na potasiamu. Ndiyo maana namba yake ni kubwa kuliko ya maji ya mvua. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya kwa kipimo hiki. Husema tu kwamba maji yaliyo chini ya miligramu 600 kwa lita huwa na ladha nzuri, na kwamba yakipita 1,000 watu wengi huanza kuyakataa kwa ladha. Maji ya ziwa letu, kwa upande huu, hayana kasoro.

Mwenye shaka na ajaribu mwenyewe. Kinga maji ya mvua kutoka kwenye bati lenye kinyesi cha ndege, uyapime: kalamu itatoa namba ndogo ya kupendeza. Kisha chemsha maji ya ziwa, uyaache yapoe, uyapime: namba itakuwa ileile au karibu nayo. Maji ya kwanza yanaweza kumwangusha mtoto kwa kuhara, na ya pili ni salama kunywa, lakini kalamu itayasifu yale ya kwanza.

Lipo onyesho jingine, lenye kutisha zaidi. Vijiti viwili vya chuma vyenye umeme hutumbukizwa katika maji ya nyumbani, nayo hugeuka rangi ya kutu na kujaa machicha. Yale ya mashine hubaki meupe. Rangi ile hutoka katika vijiti vyenyewe, kwa sababu maji yenye chumvi hupitisha umeme na chuma huliwa. Ukioneshwa mchezo huu, tia chumvi ya mezani kidogo katika glasi ya maji ya mashine, umwombe mchuuzi arudie. Nayo yatageuka.

Kinachowadhuru watu wa mwambao huu ni vijidudu, na vijidudu havionekani kwa kalamu. Mwezi Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipofurika katika kijiji cha Kagunga, kaskazini mwa Kigoma, kipindupindu kililipuka na wagonjwa wapatao 3,000 wakaripotiwa kabla mwezi haujaisha. Maji yaliyokuwa karibu nao yalikuwa ya ziwa, na vyoo havikutosha. Kama mtu angeyapima kwa kalamu kabla ya wageni kufika, na akayapima tena wakati wagonjwa wakilazwa, hangeona tofauti ya maana.

Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi liwe: chombo hiki kinaondoa au kuua vijidudu gani, na kinafanyaje kazi hiyo?

Mashine ya RO, yaani ile isukumayo maji kwa pampu yapenye utando mwembamba sana, huondoa vijidudu na chumvi pia, nasi hatuipingi. Inapofaa, inafaa hasa. Katika maeneo ya Arusha na kandokando ya Mlima Meru, ambako floridi nyingi majini huharibu meno na mifupa, kuondoa kilichoyeyuka ni haja ya kweli. Vilevile mwenye kufuga samaki wa baharini katika tangi la kioo huhitaji maji yasiyo na kitu, kisha huyatia chumvi ya bahari kwa kipimo. Kwake kalamu ile ni chombo cha kazi. (Ajabu ni kwamba wafugaji wa Ulaya wenye samaki wa mapambo wa asili ya Ziwa Tanganyika, wakiyapitisha maji yao katika RO, hulazimika kuyarudishia madini, maana samaki wetu hawaishi vizuri bila hayo.) Lakini kwa kaya ya Ujiji, mashine hiyo hudai umeme, hudai msukumo wa maji, na kwa kila lita moja ya kunywa aghalabu humwaga lita mbili, tatu au zaidi. Mwenye bomba atalipia maji hayo katika ankara yake. Anayepandisha madumu kutoka ziwani atayalipia kwa mgongo.

Kwa nyumba nyingi tunaona kichujio cha kauri chenye ndoo mbili kuwa chaguo la busara. Hakihitaji umeme, na matundu ya kauri nzuri huzuia bakteria, wakiwemo wa kipindupindu na homa ya matumbo. Virusi vingi, kwa kuwa ni vidogo mno, huweza kupenya. Penye mgonjwa au mtoto mchanga, yaongezee dawa au uyachemshe. Kauri husuguliwa kwa brashi laini na maji safi, bila sabuni. Ikianza kupitisha maji kwa kasi isiyo ya kawaida, ichunguze: huenda imepata ufa, na kauri yenye ufa haichuji. Vichujio vya mkaa peke yake huondoa harufu na ladha, wala visinunuliwe kwa kutegemea kinga ya maradhi. Taa za miali ya urujuanimno huua vijidudu vizuri maji yakiwa meupe, lakini mvua ziletapo tope, miali haipenyi.

Kuhusu vidonge vya klorini, lipo jambo ambalo mara nyingi haliandikwi kwenye pakiti. Maji ya ziwa letu yana ualikali mwingi, na klorini hudhoofika katika maji ya namna hiyo. Fuata kipimo cha pakiti, lakini pale inaposema nusu saa, subiri saa nzima. Kuchemsha hakuna tatizo hilo: kwa mwinuko wetu wa mita zipatazo 770 maji huchemka kabla ya nyuzi 100, na joto hilo latosha. Gharama yake ni mkaa.

Chombo chochote utakachonunua, hakitakulinda na kichocho, ambacho huingia kupitia ngozi unapooga au kufua ziwani. Tena hakitakufaa kitu ikiwa kikombe huzamishwa ndooni kwa mkono. Maji yaliyosafishwa yakae katika ndoo yenye mfuniko na bomba.

Kabla ya kutoa fedha, tafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Uliza bei ya kauri au utando wa kubadilishia, na kama vinapatikana Kigoma au ni mpaka viagizwe Dar es Salaam. Chombo kisicho na vipuri hugeuka pambo la sebuleni. Dai dhamana kwa maandishi, pamoja na risiti ya kielektroniki yenye jina la muuzaji. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora wa bidhaa. Ikiwa uliuziwa mashine kwa hofu ya vijiti vya kutu, andika tarehe, maneno uliyoambiwa na bei uliyolipa, kisha upeleke malalamiko yako pamoja na risiti kwa Tume ya Ushindani.