Damu baada ya kujifungua: Kwa nini sasa inapimwa, haikadiriwi kwa macho

Mama amejifungua salama, mtoto analia, ndugu nje ya wodi wanapiga simu nyumbani kutoa habari njema. Muda si mrefu shuka limelowa damu. Ni nyingi au ya kawaida? Kwa miaka mingi jibu lilitegemea jicho la mkunga, na jicho hukosea.

Kwa Kibondo na Kasulu, kosa hilo ni la hatari. Kutoka Kibondo hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, mjini Kigoma, ni zaidi ya kilomita 200. Mama anayevuja damu kwa kasi anaweza kufariki ndani ya saa chache tu. Ndiyo maana tiba inatakiwa ianze palepale alipojifungulia, gari la rufaa likiwa bado linaandaliwa.

Utafiti umeonyesha nini?

Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini. Ulihusisha wanawake zaidi ya 210,000.

Kifaa chenyewe ni rahisi: plastiki inayowekwa chini ya makalio ya mama, yenye mfuko ulioandikwa alama za mililita. Damu inaingia mfukoni, mkunga anasoma kiasi.

Ikifika mililita 500, au mapema zaidi dalili mbaya zikionekana, hakuna kusubiri. Yanafanyika yote kwa pamoja:

• Kusugua tumbo ili mji wa mimba ukaze
• Sindano ya oksitosini
• Dawa ya traneksamiki, inayosaidia damu kuganda
• Dripu ya maji
• Kukagua damu inatokea wapi, na kuita msaada

Zamani hatua hizi zilifuatana moja moja, na muda ukapotea.

Kati ya wanawake 1,000, waliovuja damu kupita kiasi, kupasuliwa kwa sababu hiyo au kufariki walikuwa 16. Kwenye hospitali zilizoendelea na utaratibu wa kawaida walikuwa 43.

Oktoba 2025, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo mpya: hata mililita 300 zinatosha kuanza tiba, kama mapigo ya moyo au presha ya mama imebadilika.

Kifaa bila mazoezi hakitoshi

Utafiti mwingine wa hapahapa Tanzania, uliotoka Februari 2025, ulifuatilia hospitali na vituo 30 vya Manyara, Mwanza, Shinyanga, pamoja na Geita na Tabora ambayo ni majirani wa Kigoma. Wakunga na madaktari walifanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara kwa midoli, kazini kwao. Vifo vya akina mama vilipungua kwa asilimia 75, na vya watoto wachanga kwa asilimia 40.

Ndugu wafanye nini?

Pedi au khanga ikilowa haraka, au mama akilalamika kizunguzungu, akitoa jasho la baridi au akianza kuchanganyikiwa, mwite nesi saa hiyohiyo. Usingoje zamu ibadilike.

Kama mama yuko nyumbani, piga 115 bure. Ni namba ya M-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Gari la wagonjwa lisipopatikana, hutumwa dereva wa jirani aliyesajiliwa.

Namba hiyo iwekwe kwenye simu sasa, kabla uchungu haujaanza.