Betri moja, vifo vitatu: biashara ya betri Korogwe na Handeni

Kwenye kibandiko cha betri ya gari huwa pana herufi tatu ambazo wanunuzi wengi huziruka: CCA. Nambari inayozifuata hueleza ni umeme kiasi gani betri inaweza kuusukuma kwa sekunde 30 ikiwa imewekwa kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Korogwe, mji ambao jasho humtoka mtu akiwa amekaa, kipimo hicho ni sawa na kuuziwa koti la manyoya. Hata Lushoto, wanakopanda watu wa bondeni kukimbia joto lao, haijawahi kukaribia baridi ya namna hiyo.

Kinachoua betri bondeni ni joto. Uzoefu wa watengenezaji unasema kwamba kila joto linapopanda nyuzi 10 juu ya 25, umri wa betri ya risasi na asidi hupungua karibu nusu. Chini ya boneti ya basi lililotoka Dar es Salaam asubuhi na kusimama Segera saa sita mchana, nyuzi 25 ni ndoto. Ndiyo maana watengenezaji wengi hushauri asidi ya nchi za joto iwe nyepesi kidogo kuliko ile ya Ulaya: asidi kali hutoa nguvu zaidi leo, lakini hula sahani za risasi upesi. Duka linalojaza betri kavu asidi yoyote iliyopo kwenye dumu linamkatia mteja umri wa betri kabla hajatoka mlangoni.

Soko lenyewe limechorwa na barabara. Segera ndipo njia ya kutoka Chalinze inapogawanyika, mkono mmoja ukienda Tanga na mwingine Korogwe, Mombo, Moshi hadi Arusha. Kutoka Korogwe hadi Handeni ni kilomita 65, na kutoka Handeni kurudi barabara kuu pale Mkata ni 54. Lami ya vipande hivyo viwili imefunga pembetatu ambayo ndani yake huzunguka malori ya machungwa na mahindi, matrekta ya mashamba ya mkonge, mabasi na bodaboda zisizohesabika. Nyuma yao kuna wateja wasiosikika injini: nyumba zinazowasha taa kwa sola. Wote huingia duka lilelile na kuuliza neno lilelile, betri, ingawa wanachohitaji si kitu kimoja.

Lori kubwa hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfuatano, mara nyingi N150 au N200. Nambari hiyo, kwa betri za mfumo wa Kijapani zilizozoeleka nchini, hukaribia uwezo wake kwa ampia-saa. Kosa la kawaida ni dereva kuchomoa waya wa redio au chaja ya simu kutoka betri moja tu kati ya hizo mbili. Ile moja hushuka kila siku, mwenzake hujazwa kupita kiasi, na baada ya miezi zote mbili haziwashi. Mwenye lori hubadilisha ile iliyokufa peke yake ili kuokoa fedha. Betri mpya hufungwa nira na kizee, nayo huzeeka naye.

Kwa bodaboda hesabu ni fupi. Pikipiki nyingi zina kiki, hivyo betri ikifa mwenyewe anaendelea na kazi, huku honi ikikoroma na indiketa zikipepesa kama kibatari. Anabadilisha siku trafiki anapomkumbusha.

Fedha nyingi zaidi hupotea kwenye sola. Chukua nyumba ya kijijini Handeni yenye taa nne za wati 5 zinazowaka saa tano, na runinga ndogo ya wati 30 inayotazamwa saa nne. Kwa usiku mmoja hiyo ni wati-saa 220. Ukigawa kwa volti 12, unapata ampia-saa 18 na kidogo. Betri ya sola ya risasi haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo nyumba hiyo inahitaji walau ampia-saa 40, na zaidi kama inataka kuvuka siku mbili za mawingu ya masika bila giza.

Linalotokea mara nyingi ni jingine. Betri iliyoshindwa kuwasha lori hupewa kazi ya pili nyumbani. Hicho ndicho kifo cha kwanza, na si kifo kamili: betri isiyoweza tena kuzungusha stata bado inaweza kuwasha taa. Tatizo ni umbile lake. Betri ya gari ina sahani nyembamba na nyingi, zilizokusudiwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache kisha kujazwa tena na altaneta. Betri ya sola ina sahani nene, za kutoa kidogo kidogo usiku kucha. Ukiishusha ya gari hadi mwisho kila siku, itavumilia makumi ya mizunguko. Ile ya sola, ikishushwa nusu tu, huvumilia mamia. N70 iliyochoka, iliyobakiwa na nusu ya uwezo wake, itabeba nyumba ya mfano wetu kwa ukingo kabisa, na wiki ya kwanza ya mvua itaimaliza.

Fundi hupima kwa mita. Betri iliyojaa na kupumzika saa kadhaa husoma volti 12.6 au 12.7, kwenye 12.2 imebaki nusu. Chini ya 11.9 ni kama tupu. Ikiachwa tupu kwa wiki, salfeti inayoganda kwenye sahani hugeuka chumvi ngumu isiyoyeyuka tena kwa chaji. Hapo ndipo huja huduma ya kuamsha betri: chaji kali, wakati mwingine asidi mpya, na mteja huondoka akitabasamu. Tabasamu hilo huwa na umri wa wiki chache.

Kinachopungua ndani ya betri ya maji ni maji, asidi hubaki. Anayeongeza asidi kila kiwango kinaposhuka anaizidisha ukali, nayo huzila sahani. Wala si kila maji yanafaa, kwani yenye chumvi na madini huacha uchafu kwenye risasi. Kwa Handeni jambo hili lina uzito wake, wilaya iliyohangaika na maji kwa miongo mingi huku ikitegemea mradi wa bomba kuu la Handeni, HTM, unaochota Mto Pangani upande wa Korogwe. Mwenye kisima cha maji chumvi hana budi kununua chupa ya maji yaliyotoneshwa, bidhaa ndogo ambayo maduka mengi huiweka nyuma ya madumu ya oili kana kwamba ni anasa.

Mto huohuo ukiufuata hadi baharini unafika Pangani mjini, na kusini yake Ushongo, ambako boti hupeleka wageni kisiwa cha Maziwe. Mwenye boti huko hukutana na swali lilelile la Korogwe katika sura ya chumvi: injini inataka betri ya kuwashia, wakati taa, redio ya mawasiliano na pampu ya kutoa maji zinataka ya kuvumilia. Waendesha boti makini hufunga mbili na swichi ya kuzitenga, ili muziki wa wageni usije ukawalaza kisiwani. Somo hilo lingemfaa pia dereva wa lori mwenye friji ya vinywaji kwenye kabini.

Betri za lithiamu, hasa za aina ya chuma na fosfeti, zimeanza kuubadilisha mchezo. Ya ampia-saa 100 ina uzito wa kilo 10 hadi 13, wakati ya risasi iliyozibwa ya uwezo huohuo hufika 27 hadi 30. Inavumilia kushushwa karibu yote, mizunguko zaidi ya 2,000. Bei yake humtisha mnunuzi, na inahitaji kontrola inayojua kuichaji. Ukiifunga kwenye kontrola ya zamani iliyopangwa kwa risasi, fedha yote inakuwa hatarini. Ila hesabu ya gharama kwa kila usiku wa taa, isiyofanywa dukani hata siku moja, mara nyingi huipa ushindi.

Tofauti hiyo ya uzito inamsaidia pia mnunuzi wa risasi. Betri ya sola iliyoandikwa 100 Ah lakini inayobebeka kwa kilo 15 imepunjwa risasi, kibandiko kiseme kitakavyo. Duka la betri huwa halina mizani. Duka la mchele la jirani linayo.

Kifo cha pili ni siku taa za nyumbani zinapokataa. Cha tatu, cha kuuzwa kama chuma chakavu, kina thamani kuliko wengi wanavyodhani. Karibu asilimia 60 ya uzito wa betri ni risasi, na katika miaka ya hivi karibuni tani ya risasi imezunguka dola 2,000 katika soko la London. N70 yenye kilo 18 iliyokufa ina zaidi ya kilo 10 za madini, yaani dola 20 na ushei, ambazo mwenye betri huziachia kwa punguzo dogo anapochukua mpya, au kwa mnunuzi wa vyuma chakavu anayepita na baiskeli.

Mnunuzi huyo wa baiskeli mara nyingine humwaga asidi chini ili apunguze mzigo. Hatari nyingine iko kwenye kuyeyusha. Kilichotokea Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi kuanzia 2007 hadi kilipofungwa 2014, kinafahamika: watoto walikutwa na risasi kwenye damu, Phyllis Omido aliyeongoza madai akapewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mahakama ya mazingira ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya mwaka 2020. Mahakama ya Rufaa iliitengua, Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024.

Tanzania inaiweka betri chakavu kwenye kundi la taka hatarishi, na kanuni za 2021 zinamtaka anayeikusanya, kuisafirisha au kuiyeyusha awe na kibali cha mamlaka za mazingira. Muuzaji wa Korogwe anayerundika betri zilizokufa nyuma ya duka, akisubiri lori la Dar es Salaam, yumo ndani ya kanuni hizo hata kama hajawahi kuziona. Lori hilo hupita Segera likiwa na risasi iliyokwisha kuwasha mabasi na kumulika vyumba, na baada ya kuyeyushwa sehemu yake hurudi kwa barabara ileile ikiwa na kibandiko kipya na nambari ya CCA.