Mtoto Huanza Kusema kwa Mikono

Mama anauza ndimu na tangawizi katika Mtaa wa Kongo, Kariakoo, mjini Dar es Salaam. Mtoto wake wa miezi 10 amekaa juu ya khanga, kando ya meza. Mtoto analia. Mama anampa titi, anakataa. Anampa uji, anakataa. Kumbe anataka maji. Mama amepoteza muda na wateja wamekwenda meza nyingine.

Je, mtoto huyu angeweza kumwambia mama yake? Maneno bado hana. Watoto wengi hutamka neno la kwanza wanapokaribia mwaka 1. Lakini mikono anayo.

Ndugu msomaji, mtazame mtoto wako. Huinua mikono akitaka kubebwa. Hupunga mkono wa kwaheri. Hugeuza viganja kuonyesha kwamba hakuna kitu. Ameona kwa wakubwa, naye ameiga. Basi unaweza kumwongezea ishara nyingine chache.

Anza mtoto akiwa na miezi 6 hadi 8, wakati anapoanza kula. Chagua ishara tatu tu. Kwa maji, gusa midomo kwa kidole. Kwa chakula, kusanya vidole na uvipeleke mdomoni. Kwa kumaliza, onyesha viganja vitupu. Kila unapompa maji, mtazame usoni, fanya ishara na useme, "Maji." Mtoto anaweza kukaa wiki nyingi bila kujibu. Usichoke. Na usimnyime maji ili afanye ishara kwanza. Hayo si mafunzo, ni mateso.

Baba, bibi, kaka na jirani wa meza ya pili wote watumie ishara hizo hizo. Mtoto akibuni ishara yake mwenyewe, ipokeeni.

Bibi wengine husema, "Mtoto wa ishara atachelewa kusema." Hofu hiyo haina msingi, mradi unaendelea kuzungumza naye. Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya kuwafuata watoto 40 tangu miezi 8 mpaka 20. Waliofundishwa ishara hawakuchelewa kusema. Hawakuwahi kusema pia. Kwa hiyo, anayekuambia kwamba ishara zitamfanya mtoto awe na akili kuliko wenzake, usimsadiki. Faida moja ilionekana kwa mama: waliofundisha ishara waliangalia zaidi mtoto anawaza nini.

Sasa kuna jambo kubwa zaidi. Kariakoo kuna vipaza sauti, honi na watu wa mikokoteni wanaopiga kelele wapishwe njia. Mtoto hulala katikati ya yote hayo, na mama husifiwa kwamba ana mtoto mtulivu. Huenda amezoea kelele. Lakini huenda hasikii. Mtoto asiyesikia hutazama mikono na nyuso kwa makini sana, hivyo hujibu ishara vizuri, na wazazi hudhani yu mzima wa masikio.

Jaribu nyumbani usiku kukiwa kimya. Simama nyuma yake bila kumgusa, umwite jina. Rudia siku nyingine. Mtoto wa miezi 9 hageuki? Mwenye mwaka 1 hatamki hata "ba-ba" au "ma-ma"? Mwenye miezi 18 hana neno hata moja? Usingoje. Siku ya kupima uzito kliniki, mwambie mwuguzi, hata kama hakukuuliza. Omba mtoto apelekwe kwa daktari wa masikio. Wengine husaidiwa kwa dawa, wengine kwa vifaa vya kusikia. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza mwaka 2017 kupandikiza kifaa maalumu ndani ya sikio.

Mtoto kiziwi hatoshelezwi na ishara tatu za maji na chakula. Anahitaji lugha kamili, nayo ipo: Lugha ya Alama ya Tanzania. Ukifuata Barabara ya Uhuru kutoka Kariakoo utafika Buguruni, ambako shule ya viziwi ilianzishwa mwaka 1974. Lakini usikae miaka sita au saba ukingoja umri wa shule. Watafute viziwi wazima walio karibu nawe, wakufundishe lugha yao wewe na watu wote wa nyumbani, wakati mtoto bado anatambaa.