Kansere ya Damu na Kazi ya Moyo

Damu na moyo hufanya kazi pamoja. Moyo husukuma, damu hubeba hewa na chakula. Mmoja akigonjwa, mwenzake huumia.

Damu hutengenezwa katika uboho, ndani ya mifupa. Katika kansere iitwayo lekemia, chembe mbaya huzaliana na kuzinyima chembe njema nafasi. Mtu hupungukiwa damu. Ndipo moyo hupiga mbio ili damu kidogo iliyobaki ifike mwili mzima, na mwisho huchoka. Katika aina nyingine damu huwa nzito mno, huganda mishipani, na mtu aweza kupooza upande mmoja.

Kuna jambo lingine. Mwaka 2014 wataalamu walionyesha kwamba katika watu waliopita miaka 70, zaidi ya mmoja kwa kumi ana chembe za damu zilizogeuka, naye hajisikii mgonjwa. Wengi wao hawatapata kansere. Lakini hupata ugonjwa wa moyo kuliko wenzao, kwa sababu chembe hizo huwasha na kuumiza kuta za mishipa.

Tena dawa yenyewe yataka uangalifu. Doksorubisini, dawa nyekundu ya kansere, imeponya wengi. Lakini ikizidi kipimo hudhoofisha moyo. Kwa hiyo mganga huhesabu kipimo chote tangu siku ya kwanza. Ukianza dawa hapa Lubumbashi, kisha ukavuka Kasumbalesa kutafuta hospitali Zambia, mganga wa huko atajuaje hesabu yako? Karatasi zako ndizo zitamwambia.

Miguu ikivimba, jamaa wengine husema, “Amelogwa,” au, “Dawa ya hospitali inamwua.” Humficha nyumbani. Sivyo! Ni moyo unaoomba msaada, na ukisaidiwa mapema waweza kupata nguvu tena.

Basi, mgonjwa wa kansere ya damu ashike haya:

1. Tunza karatasi zote za dawa, uende nazo kila hospitali.
2. Mwambie mganga kama una ugonjwa wa moyo au tansio, kabla ya kuanza dawa.
3. Ukikosa pumzi, ukivimba miguu, au moyo ukipiga mbio, nenda hospitali siku ile ile.
4. Usiache dawa kwa shauri lako mwenyewe.
5. Punguza chumvi na makayabu. Acha tumbako na lutuku.

Nanyi jamaa, msimwache mgonjwa aende peke yake. Mmoja wenu amsindikize, asikie maneno ya mganga na kuyakumbuka.