Msamaha wa Matibabu Umfuate Mgonjwa, Si Jengo

Mjadala wa hospitali za serikali na za binafsi huendeshwa kana kwamba kila mgonjwa ana hospitali mbili za kuchagua. Katika Milima ya Usambara hali si hiyo. Kati ya kijiji na kijiji kuna bonde refu, na mama mwenye mtoto anayepumua kwa shida huenda pale palipo karibu, mwenye hospitali awe Serikali au Kanisa.

Historia ndiyo iliyopanga hivyo. Wamisionari Wajerumani walifungua kituo Mlalo mwaka 1891. Lutindi, upande wa Korogwe, ilianza 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, kisha ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Leo hospitali ya Bumbuli ni ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), na hospitali ya wilaya mjini Lushoto ni ya Serikali. Hata sheria ya mwaka 1977 iliyofunga tiba ya kibiashara iliziacha hospitali za dini ziendelee. Biashara hiyo iliruhusiwa tena mwaka 1991, na mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ukaanza katika hospitali za Serikali zenyewe.

Pamoja na uchangiaji kulikuja msamaha: wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wasio na uwezo watibiwe bure. Hapo ndipo penye kasoro. Tuseme mtoto wa miaka mitatu ana nimonia. Katika hospitali ya Serikali hatozwi. Katika hospitali ya dini isiyo na mkataba na halmashauri, mzazi hulipia faili, kumwona daktari, kipimo, sindano na kitanda. Mtoto ni yuleyule na ugonjwa ni uleule. Hospitali hiyo haina ukatili wowote. Mtungi wa oksijeni na mshahara wa muuguzi vina gharama, na hakuna anayeirudishia.

Dawa yake ipo: mkataba wa huduma. Halmashauri humtambua mmiliki, Serikali huchangia watumishi, dawa na fedha, naye huwatibu wenye msamaha bila kuwatoza. Lakini fedha zikichelewa, dawa huisha na mgonjwa huandikiwa akanunue dukani, na msamaha unabaki kwenye karatasi.

Anayedai kwamba Serikali ikae pembeni, soko litoe tiba, akumbuke tauni. Kuanzia mwaka 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 ugonjwa huo uliwashika watu zaidi ya 7,000 wilayani Lushoto. Kuangamiza viroboto majumbani, kufuatilia vifo vya panya na kutibu haraka kijiji kizima ni kazi isiyo na faida ya kuuza. Serikali isipoifanya, hakuna mwingine atakayeifanya.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inaweza kuziba pengo hili, kwa kuwa fedha za bima zinaweza kumfuata mgonjwa hadi kwa mtoa huduma yeyote mwenye mkataba. Ila Machi 2024 ilitupa funzo: Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kutumia bei mpya, hospitali kadhaa za binafsi zilisitisha kuwapokea wanachama wake. Kadi bila bei iliyokubalika pande zote haimtibu mtu.

Kwa hiyo tuache kubishana nani mwenye jengo. Madiwani wa Lushoto na Bumbuli waudai mkataba wa kila hospitali ya dini inayotegemewa na wananchi, wausome barazani, waulize fedha zililipwa lini na wenye msamaha wangapi walitibiwa. Nawe msomaji, katika mkutano wa kijiji chako uliza jambo moja: mtoto wangu akiugua usiku, hospitali iliyo karibu italipwa na nani? Kiongozi asiye na jibu hajamaliza kazi yake.