Boga la kijani-buluu

Boga la kijani-buluu ni alama inayowekwa mbele ya nyumba wakati wa Halloween, hasa nchini Marekani, kuonyesha kwamba hapo watoto watapata zawadi ndogo zisizo chakula. Desturi hiyo hujulikana kwa jina la Teal Pumpkin Project, na iliwalenga kwanza watoto wenye mzio wa chakula.

Halloween huadhimishwa tarehe 31 Oktoba. Jioni hiyo watoto huvaa mavazi ya kuigiza na kupita nyumba kwa nyumba wakipewa pipi na chokoleti. Nyingi kati ya hizo zina maziwa, karanga, soya au ngano. Tena pipi ndogo zinazouzwa kwa mafungu mara nyingi hazina orodha ya viambato kwenye kila kifungashio, na viambato hivyo vinaweza kutofautiana na vya pipi kubwa ya jina hilohilo. Kwa hiyo hata mzazi aliyezoea kusoma lebo anaweza kukosea. Mtoto mwenye mzio mkali anaweza kupata anafilaksia kwa kula kiasi kidogo tu: koo huvimba, pumzi hubana, shinikizo la damu hushuka, na asipochomwa sindano ya adrenalini mapema anaweza kufa.

Historia

Wazo hilo lilianzia mashariki mwa jimbo la Tennessee mwaka 2012, katika kikundi cha kusaidiana cha familia zenye mzio wa chakula. Mwaka 2014 shirika la FARE lilianza kulieneza nchini kote. Rangi ya kijani-buluu ilikuwa tayari inatumika katika uhamasishaji kuhusu mzio wa chakula.

Utaratibu

Mwenye nyumba hupaka boga rangi, au hubandika tu picha yake mlangoni. Halazimiki kuacha kugawa pipi, ila huziweka katika bakuli la peke yake ili mabaki yake yasiguse penseli, stika au vitabu vidogo vilivyo katika bakuli la pili. Mtoto yeyote anaweza kuchagua kutoka bakuli hilo, kwa hiyo mwenye mzio halazimiki kujieleza mlangoni. Wenye kisukari na wenye ugonjwa wa siliaki hufaidika vilevile.

Hata hivyo, kitu kutokuwa chakula si hakikisho la usalama. Udongo wa kuchezea wa Play-Doh una ngano, maputo ya lateksi huwadhuru wenye mzio wa mpira, na vitu vidogo sana vinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka 3.