Kabla mzee hajapasuliwa, ulizia nambari hizi tatu

UKIISHI Garsen, huhitaji kufundishwa maana ya utabiri. Tangazo likitoka kwamba bwawa la Masinga limejaa na linamwagika, wafugaji wanasogeza ng'ombe sehemu zilizoinuka kabla maji ya Tana hayajafika. Hakuna anayengoja kuyaona mlangoni.

Sasa chukua akili hiyo hiyo uende nayo hospitali. Tuseme baba au babu amepatikana na saratani ya tezi dume. Daktari anasema inaonekana bado imo ndani ya tezi, kwa hivyo anaweza kufanyiwa upasuaji. Nyumbani watu washaanza kuhesabu mbuzi wa kuuza. Na kwa kuwa wewe ndiwe uliyesoma, umekabidhiwa faili.

Kabla ya kuuliza ni pesa ngapi, uliza hivi: kuna uwezekano gani kwamba saratani imeshatoka nje ya tezi?

Kwa nini swali hilo? Upasuaji huo huondoa tezi nzima. Kama ugonjwa wote umo ndani, mzee anaweza kupona kabisa. Lakini kama chembechembe zake zimeshavuka ganda la tezi na kufika kwenye tezi za limfu au mifupa, kisu peke yake hakitatosha. Huenda akahitaji mionzi, au dawa za kushusha homoni za kiume. Na upasuaji una gharama isiyoandikwa kwenye risiti: wengine hubaki wakivuja mkojo, wengine nguvu za kiume hupungua au kuisha.

Habari njema ni kwamba daktari habahatishi. Ana nambari tatu mkononi.

Ya kwanza ni PSA, kipimo cha damu. Kadiri inavyopanda ndivyo shaka inavyoongezeka. Lakini usishtuke haraka, maana PSA hupanda pia kwa sababu ya maambukizi, tezi kufura kwa uzee, au mpira wa mkojo aliowekewa mgonjwa.

Ya pili ni alama ya Gleason, iliyobuniwa miaka ya 1960 na daktari Mmarekani, Donald Gleason. Vipande vidogo vya tezi hutolewa kwa sindano na kuangaliwa kwa darubini. Siku hizi alama huanzia 6, saratani ya mwendo wa pole, hadi 10, ile kali kabisa. Rais wa zamani wa Marekani, Joe Biden, alipotangaza ugonjwa wake Mei 2025, alama yake ilikuwa 9 na saratani ilikuwa imeshafika kwenye mifupa.

Ya tatu ni hatua, inayoandikwa kwa herufi T. Hapa daktari hupima kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, na ndipo wazee wengi hutoroka. T1 haishikiki kwa kidole. T2 inashikika lakini imo ndani ya tezi. T3 imevuka ganda.

Kila nambari ikiwa peke yake inaweza kukupotosha. Nguvu yake iko katika kuziunganisha. Mwaka 1993, Alan Partin na wenzake wa Johns Hopkins, Baltimore, walichukua rekodi za wanaume waliokuwa wamepasuliwa. Wakalinganisha nambari za kabla ya upasuaji na kile kilichoonekana baada ya tezi kutolewa na kuchunguzwa. Wakatengeneza majedwali ya kukadiria, kabla ya kisu, kama saratani imo ndani au imetoka. Mwaka 1997 majedwali hayo yalipanuliwa kwa rekodi za wanaume zaidi ya 4,000.

Kwa ufupi: PSA isiyozidi 10, Gleason 6, na hatua ya T1 au mwanzo wa T2 ni hatari ndogo. PSA ikipita 20, au Gleason ikiwa 8 kwenda juu, hatari ni kubwa. Huyo anafaa kupigwa skani ya mifupa na picha nyingine kabla ya kufikiria kisu.

Elewa pia kwamba haya ni makadirio. Ukiambiwa watu 70 kati ya 100 wenye nambari kama hizi saratani yao bado imo ndani, hujaambiwa baba yako yuko upande gani. Tena wengi waliotengenezewa majedwali hayo ni Wamarekani weupe, huku wazee wetu wengi wakifika hospitali wakiwa wamechelewa. Kwa hivyo mzee akilalamika mgongo au kiuno, usiishie kumpaka dawa. Mwambie daktari, kwa sababu mifupa hiyo ndiyo saratani hii hupenda kukimbilia.

Na hatari ikiwa ndogo, kungoja huku anapimwa mara kwa mara ni njia halali. Utafiti wa Uingereza uliofuatilia wanaume 1,643 wenye saratani iliyokuwa bado ndani ya tezi ulitoa matokeo mwaka 2023. Baada ya takriban miaka 15, karibu 3 tu kati ya 100 walikuwa wamekufa kwa saratani hiyo, wawe walipasuliwa, walipewa mionzi au walifuatiliwa tu.

Kutoka Garsen hadi hospitali kuu ya Makadara, Mombasa, ni zaidi ya kilomita 200, na mafuriko yakija barabara hukatika. Usifunge safari mkono mtupu. Beba nakala ya kila kipimo na uliza waziwazi: PSA ni ngapi na ilipimwa lini? Gleason ni ngapi? Ni T gani? Kwa nambari hizi, daktari, unaona imo ndani au imetoka?

Mwisho, jambo linalokuhusu wewe kijana. Mwanamume ambaye baba au kaka yake ameugua saratani hii ana hatari takriban mara mbili ya wengine. Ziandike nambari za mzee, uwaonyeshe ndugu zako, na ukifika miaka 40 anza kuzungumza na daktari kuhusu kipimo chako mwenyewe.